Hema la mawasiliano kambini baada ya mafuriko: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa makusudi, na sababu yake ni majibu. Kutuma salamu kulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Kupata jibu ndiko kulikonitoa jasho.

Huduma ninayoizungumzia ni hema la mawasiliano lililofunguliwa na watu wa kujitolea katika kambi tuliyohamishiwa baada ya mto kuvunja kingo zake. Hulipi chochote na huulizwi kitambulisho. Ndani kulikuwa na meza ya kuchajia simu, intaneti ya setilaiti, na redio ya masafa marefu, ile ambayo wazee wengine huiita simu ya upepo. Karibu kila mtu alikimbilia intaneti. Mimi nikiulizwa kipi kilinifaa zaidi, nitataja meza ya chaji kwanza, kisha redio, na intaneti mwisho.

Wengi kambini waliamini kwamba simu zimekufa kwa sababu minara imeanguka. Mbona mingine tulikuwa tunaiona imesimama wima? Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri zake saa chache tu, kisha unategemea jenereta, na jenereta ikiishiwa mafuta wakati barabara iko chini ya maji, hakuna wa kuifikia. Tena hata mnara wenye umeme haukusaidii kitu ikiwa kebo inayouunganisha na mitambo mikubwa imesombwa pamoja na daraja. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico mwaka 2017, karibu asilimia 95 ya vituo vya simu za mkononi vilizimika kisiwani, kwa hiyo yaliyotupata si mageni duniani.

Meza ya chaji ilikuwa na utaratibu ambao hata ofisi nyingi hazina. Unakabidhi simu, kijana anaibandika kipande cha plasta chenye namba, na wewe unaondoka na karatasi yenye namba hiyohiyo. Huna karatasi, hupewi simu mpaka uifungue kwa namba yako ya siri mbele yake. Sikusikia simu hata moja iliyopotea. Lililoleta maneno ni sharti la kuchaji nusu tu. Ikifika asilimia 50 inachomolewa, inaingia nyingine. Watu walinung'unika sana, na mimi nilikuwa mmoja wao, hadi fundi wa zamu alipotupigia hesabu ubaoni. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1,200, lakini betri ya aina ile ukiifyonza yote unaiua, kwa hiyo wanatumia nusu. Simu janja moja hula wati-saa 15 hadi 20 mpaka ijae, na kuna umeme unaopotea kwenye waya na chaja. Betri nzima, basi, inajaza simu thelathini hivi. Vitochi, zile simu ndogo za vitufe, vinaweza kufika mia. Kambi ilikuwa na familia nyingi kuliko hizo simu thelathini, na paneli za sola hazikuwa na la kufanya mawingu yakitanda. Kwa mtu anayetaka kutuma meseji mbili, nusu inatosha na inabaki.

Pale pale mezani kulikuwa na jambo dogo ninalolisifu kuliko dishi. Simu ikiwaka tu, kabla hujaondoka, unapewa kalamu na kikaratasi: "Dada, andika namba zako tano za muhimu hapa, uziweke mfukoni." Mbele yangu alikuwepo mama mmoja ambaye simu yake ilizama. Walihamishia laini yake kwenye kitochi cha hema, wakafungua orodha ya majina, ikawa tupu. Majina yote alikuwa ameyahifadhi kwenye simu yenyewe. Kichwani alikuwa na namba moja tu, ya jirani wa zamani ambaye hawajaongea kwa muda mrefu, na ndiyo ilikuwa njia yake ya kuwafikia watoto. Kijana alimwandikia ujumbe kwa huyo jirani kwa adabu kabisa, akauanza na salamu na kumtaja ni nani, kwa sababu jirani angeweza kudhani ni matapeli.

Sasa intaneti. Dishi la kwanza lilikuwa la aina ya zamani, linaloelekezwa kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukisema neno, linapanda huko, linashuka, na jibu linafanya safari hiyohiyo, kwa hiyo kuna ukimya wa zaidi ya nusu sekunde katikati. Inasikika kama kitu kidogo, lakini watu wawili wenye hofu wakiongea kwa pamoja hawasikilizani kabisa. Mama mzazi anauliza "uko hai?", mtoto anajibu, mama hajasikia, anauliza tena juu ya jibu, wote wananyamaza, wote wanaanza upya. Msichana wa zamu alikuwa anasimama pembeni na kunong'ona, "Mzee, ukimaliza kusema, hesabu moja, mbili, ndipo usikilize." Simu zilizoongelewa bila mtu wa kuelekeza ziliisha kwa "haloo, haloo" hadi muda ukaisha. Baadaye lililetwa dishi bapa la setilaiti zinazozunguka chini, kilomita 550 hivi kutoka ardhini, na hilo tatizo likaondoka. Mvua kubwa, hata hivyo, iliyasumbua yote mawili, na mvua ndiyo tuliyokuwa nayo.

Muda wa kuongea ulikuwa dakika tatu kwa familia. Si sheria waliyoibuni wao. Shirika la Télécoms Sans Frontières, lililoanzishwa Pau, Ufaransa, mwaka 1998, limekuwa likiwapa walioathirika na maafa simu za bure za dakika tatu, na ukikaa kwenye foleni ndefu unaona mantiki yake: mwenye habari ya uhai anamaliza ndani ya dakika moja. Zinazobaki ni za kulia. Video zilifungwa kabisa, na hapo naungana nao mkono; mtu mmoja anayetazama mpira angeziba njia ya watu hamsini wenye ujumbe wa maandishi.

Redio ndiyo iliyonishangaza. Waendeshaji walikuwa watu wa redio za ridhaa, wenye leseni, wanaofanya mambo haya kama burudani siku za kawaida. Hawa watu hawapewi sifa wanayostahili. Huko Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendeshaji 50 wa namna hii waende kupeleka habari za walionusurika. Kwetu walivuta waya mrefu kati ya nguzo mbili, chini kiasi kwamba mtu mrefu angeugusa kwa fimbo. Nilidhani wameshindwa kuupandisha. Kumbe ndivyo unavyotakiwa: waya wa chini hurusha mawimbi moja kwa moja juu, yanagonga tabaka la anga na kushuka kama mvua kwenye eneo la mamia ya kilomita kuzunguka kambi, yakiruka milima ambayo redio za mkononi haziwezi. Mchana walitumia masafa ya megahezi 7, usiku wakashuka karibu na 3.5.

Ujumbe wa redio unaandikwa kwenye fomu: jina lako, jina la mpokeaji, namba yake au mahali alipo, na maneno yasiyozidi 25. Jaribu kumwambia dada yako kila kitu kwa maneno 25. Nilianza kwa kueleza nyumba, mifugo, ukuta ulioanguka upande gani. Mwendeshaji aliisoma yote bila kunikatiza, akanirudishia kalamu: "Dada, akipata meseji hii atataka kujua nini kwanza?" Nikafuta. Ikabaki kwamba mimi na watoto tuko salama, tuko kambi gani, hema namba ngapi, na swali moja: mama yuko na nani? Kisha akaisoma hewani polepole, jina la ukoo herufi moja moja, Mike kwa M, Alfa kwa A, Charlie kwa C, namba tarakimu moja moja, na mtu wa upande wa pili akairudia yote. Walikosea tarakimu moja, wakaisahihisha, wakairudia kuanzia mwanzo. Sijawahi kuona mtu akiheshimu namba ya simu kiasi kile.

Hapo ndipo sifa zinapopungua. Ujumbe ulitoka siku hiyohiyo. Jibu lilipofika hemani, halikunifikia. Majibu yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakawekwa kwenye boksi, na jioni mtu alisimama na kipaza sauti akisoma majina. Ukiwa kwenye foleni ya maji, hukusikia. Ukiwa na mtoto anayelia, hukusikia. Wazee wenye masikio mazito ndio kabisa. Halafu kambi haikutulia. Familia zilihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine nafasi ilipopatikana, na hema halikujulishwa. Jibu la dada lilikaa kwenye boksi huku mimi nikirudi kila asubuhi kuuliza kama redio inafanya kazi kweli. Aliyelipata ni mtoto wa jirani aliyejua kusoma jina langu. Lilisema: "Tupo wote. Mama anakula vizuri. Usije, njia haipitiki, subiri nitakuja mimi." Kama ningelipata mapema nisingekuwa nimeanza kutafuta lori la kunipeleka huko.

Nilipolalamika walinisikiliza, hilo niseme. Wakaanza kuandika namba ya hema kwenye kila fomu na kuwatuma vijana wa kambini kuzunguka na vikaratasi. Lakini nadhani dawa hasa ni ujumbe umsubiri mtu mahali pamoja, badala ya mtu kutafutwa kambini. Japani wana namba 171, iliyoanza mwaka 1998 kutokana na somo la tetemeko la Kobe la 1995: aliyenusurika anarekodi sauti yake chini ya namba ya simu ya nyumbani, na ndugu yeyote anayeijua namba ile anapiga na kusikiliza, naye anaacha yake. Hakuna wa kumtafuta mwenzake kwa kipaza sauti. Wajapani haohao, maafa yakitokea, hufungua mtandao wa bure usio na nywila unaoitwa 00000JAPAN, na sifuri zimewekwa mbele ili jina likae juu kabisa kwenye orodha ya simu. Akili za namna hiyo hazihitaji mtambo mpya.

Kasoro ya pili nilitamani isingekuwepo. Siku za mwanzo walibandika ubaoni orodha ya walionusurika, majina pamoja na namba za simu za ndugu. Nia ilikuwa njema. Matapeli walipiga picha. Ndugu wa jirani yangu alipigiwa na mtu aliyejifanya daktari wa kambi, akadai fedha za matibabu ya mtoto ambaye muda ule alikuwa anacheza mbele yetu. Namba ziliondolewa, yakabaki majina na eneo anakotoka mtu. Redio nayo haina siri. Yeyote mwenye kipokezi anasikia. Mambo ya ndani ya familia yaacheni.

Kuna wakati mtandao wa simu ulianza kurudi, baada ya kampuni moja kuleta mnara wa muda juu ya lori. Kila mtu akapiga, na hakuna aliyepata. Watu wa hema walipita na bango: "Tuma meseji, usipige." Walikuwa sahihi, maana meseji ni kipande kidogo kinachosubiri nafasi na kupita, wakati simu ya sauti inataka njia iachwe wazi muda wote unaoongea. Zangu zilipita usiku, zingine zikachelewa lakini zikafika.

Kwa wasiopata habari yoyote ya mtu wao, hema halikuwa na jibu na halikujifanya linalo. Liliwapeleka kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi ya kutafuta waliopoteana wameifanya tangu 1870. Huko wanachukua maelezo marefu zaidi: umri, alama za mwili, alionekana wapi mara ya mwisho, na nani. Chukua picha ya karatasi ya mtu unayemtafuta kama unayo. Na ukihamishwa kambi, nenda kajiandikishe upya kwenye hema la huko siku hiyohiyo, utaje na ulikotoka, kwa sababu jibu lako litapelekwa kwenye anwani ya zamani.