Chumvi inayolia: ununue ipi hapa Goma?

Mwezi wa tatu nilinunua mtaani Birere gunia la chumvi ya mawe, kilo 25, la kukaushia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Siku ya nane nikakuta dimbwi chini yake. Nikalipima tena: kilo 22 na nusu. Yaani nililipia maji kwa bei ya chumvi, tena nikamlipa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, ayasukume hadi mtaa wa Himbi.

Weupe na iodini kila mtu anaviangalia, sitavirudia. Mimi nauliza kama chumvi inalia, yaani kama inanyonya maji ya hewa hadi kuchuruzika.

Chumvi yenyewe, kloridi ya sodiamu, haianzi kunyonya maji mpaka unyevu wa hewa ufike karibu asilimia 75. Ikilowa usiku wa mvua, jua likiwaka inakauka. Mchawi ni kloridi ya magnesiamu: hiyo asilimia 33 tu inaitosha, kwa hiyo Goma inakunywa mwaka mzima. Maji ya bahari yakikaushwa, chumvi hutangulia kuganda, magnesiamu inabaki kwenye maji machungu ya mwisho. Mwenye haraka hayamwagi vizuri wala haoshi chembe, na uchungu unakuja nao hadi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Iodini nayo hunyunyiziwa juu ya chembe, kwa hiyo chumvi ikichuruzika, inachuruzika nayo. Sisi tulio jirani na Idjwi, kisiwa kilichojulikana kwa ugonjwa wa rovu, hatuna iodini ya kumwaga sakafuni.

Ya kwanza kwangu ni Kensalt ya Kenya, ile laini ya pakiti. Sijifichi, naipenda: jikoni kwangu haijawahi kulia, hata kopo likisahauliwa wazi. Ndiyo, ni ghali kidogo, lakini unanunua chumvi tupu.

Ya pili ni chumvi ya mawe iliyooshwa, kwa wenye samaki. Omba kijiko kimoja, kiweke kwenye sahani usiku kucha nyumbani. Sahani ikiwa na maji saa sita mchana na jua linawaka, usirudi kwa huyo muuzaji.

Ya tatu ni ya Katwe, kutoka ziwa la volkano upande wa Uganda. Ina salfeti na kabonati, ndiyo maana ulimi unaikataa. Maharage yanaiva nayo upesi, na ng'ombe wanaipenda. Kwenye mboga, hapana.

Ile ya kupimiwa kwa kopo chini ya mwavuli: ya dharura tu. Na angalia kitako cha kopo, wengine wamekibonyeza ndani kwa nyundo.

Nilirudi kwa muuzaji wangu. “Mama, ni mvua hiyo.” Mvua gani, gunia lilikuwa ndani, limefungwa? Akanionyesha mengine, eti nichague mwenyewe. Yalikuwa yamepangwa juu ya saruji, na saruji yote imelowa.