Ncha ya fimbo ya pool: nunua isiyoota uyoga

Mpira mweusi ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo la kati. Mtoto angeutia. Nikapaka chaki, nikainama, nikalenga chini kidogo ya kitovu cha mpira mweupe ili urudi nyuma, na fimbo ikateleza. Mlio wake mnaujua, ule unaomfanya hata mwenye baa ainue kichwa kutoka kwenye simu. Mweupe ukaenda zake, mweusi haukuguswa, na wageni wetu kutoka Tororo walikuwa waungwana, hawakucheka mpaka nilipoketi.

Niliigeuza fimbo nikaisogeza karibu na balbu. Ncha, kile kipande cha ngozi kinachougusa mpira, ilikuwa imevimba na kuimwagikia pete ya shaba pande zote, kama uyoga ulioota juu ya kisiki baada ya mvua. Ilikuwa na siku tisa tu. Nilikuwa nimeinunua shilingi 15,000 za Uganda kwenye duka moja hapa Busia, fundi akachukua 5,000 yake, na muuzaji aliniapia kwa macho makavu: "Mama, hiyo ni orijino, utazeeka nayo." Wiki hiyohiyo dada mmoja wa Malaba akanipigia simu na kilio kilekile. Basi nimekaa, nimeandika.

Sitazungumzia rangi. Sitazungumzia pia hilo swali la ngumu au laini ambalo kila muuzaji hulirukia, kwa sababu mkono wako utalijibu wenyewe baada ya michezo mitatu. Mimi naiuliza ncha swali moja: utaota uyoga lini?

Watu hulidharau jambo hili kwa sababu wamezoea kutazama video za Wamarekani. Fimbo za kule zina ncha ya milimita 12 au 13, ngozi ikitanuka nusu milimita kila upande hakuna anayekufa. Fimbo zetu za meza ndogo zina ncha ya milimita 9 hivi. Sasa chukua ncha ya milimita 9, iache itanuke nusu milimita kila upande: ina milimita 10, na huo ukingo uliozidi haujakalia kitu. Chini yake ni hewa. Ukipiga katikati ya mpira hutaona kasoro. Ukipiga pembeni, ukitaka kuuzungusha au kuurudisha nyuma, unapiga kwa ule mdomo unaoning'inia, nao unakunjika. Utailaumu chaki, utaulaumu mkono wako, utamlaumu hata aliyekuwa anapiga kelele nyuma yako.

Chanzo chake ni ngozi yenyewe. Ndani ni nyuzinyuzi zilizosokotana, kila pigo linazibana, na zisipokuwa zimebanwa vya kutosha kiwandani zitatafuta nafasi kwenda kando. Ngozi hunywa unyevu pia. Sisi tuko jirani na ziwa, mvua zikianza kila kitu ndani ya nyumba kinalegea, na fimbo za baa zinashinda zimeegemea ukuta wenye ukungu.

Sifichi: mimi ni mtu wa Blue Diamond. Inatengenezwa na Tweeten ya Marekani, walewale wanaotengeneza ncha ya Elk Master, ni kipande kimoja cha ngozi ya samawati, na imeshikana kuliko ndugu yake huyo. Inakamata chaki vizuri na ukingo wake haukimbii. Niliyonayo sasa iko wiki ya sita, nimeinyoa mara moja tu, na nacheza jioni nne kwa wiki. Anayesema ni ngumu sana kwa meza zetu aje tucheze, nitamkaribisha kwa soda.

Lakini hata Blue Diamond usinunue kwa kufumba macho. Kisanduku kina ncha 50, na ngozi ya kipande kimoja haifanani: moja kama mkate, nyingine kama mfupa. Mwombe muuzaji akumwagie kadhaa kwenye kioo cha kaunta. Minya ubavu kwa ukucha wa kidole gumba: ikibaki na shimo, iache. Kisha ziangushe moja moja kutoka urefu wa shubiri. Iliyoshikana inalia ta! na kuruka, iliyolegea inalia pu na kulala. Mwenye duka akikasirika, hilo pia ni jibu.

Elk Master naiweka ya pili, nayo nimeipenda kwa miaka mingi. Ni laini, inaubusu mpira, ukitaka mweupe urudi unarudi. Kwa kuota uyoga, hata hivyo, ni nyepesi mno kama ilivyo dukani. Dawa yake wachezaji wa nje wanaijua: unailoweka kwenye maziwa usiku kucha, unaifuta, kisha unaibana kwenye jiriwa, vaisi kama mafundi wetu wanavyoiita, kati ya vipande viwili vya chuma bapa, siku kadhaa mpaka ikauke. Nilifanya hivyo kwa fundi wa kuchomelea jirani yetu. Mama alipoona ncha zinaelea kwenye kikombe cha maziwa akauliza kama sasa tunanyonyesha fimbo. Baadaye nikajaribu bila maziwa, jiriwa peke yake, na kwa mkono wangu tofauti ilikuwa ndogo sana. Nadhani kazi yote inafanywa na jiriwa: uyoga unaota hukohuko, kabla ngozi haijagusa gundi, kisha unaukata ukiwa umekwisha kutanuka. Maziwa wape watoto.

Ya tatu ni Kamui, ya Japani. Najua wengi watashangaa. Ni ngozi ya nguruwe iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati nzuri ya kukunja, na kwa kosa hili ninalolifuatilia ndiyo bingwa, haitanuki ovyo. Zaidi, unanunua daraja la ulaini na unapata ulilolinunua, hakuna kuangusha angusha. Kilichoishusha ni bei. Moja tu nje ya nchi inapita dola 20, fedha ambayo mimi nalipia ada ya mtoto ya mtihani. Na tabaka, fundi akiikata kwa wembe butu, zinaanza kufunguka pembeni. Nimeona Kamui ya mwenzangu imefunguka siku ya pili, na fundi akisema ndivyo zilivyo. Kama una fedha na una fundi mwenye mkono, inunue uniache na ubishi wangu. Talisman nayo ni ya tabaka, naiweka papo hapo chini yake.

Le Professionnel na Triangle ni ncha nzuri za watu wengine. Zimekusudiwa fimbo nene, na kuipunguza ya milimita 13 hadi 9 ni kupasua gogo kutafuta kijiti cha meno.

Zisizo na jina, za kuskurubu, za plastiki, na vile vipande vya soli anavyokata fundi viatu: hapana.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo wengi huliwa. Pete ikiwa ya milimita 9, usinunue ncha ya 9. Nunua ya 9.5 au 10, uikate ilingane. Ya 9 ikikaa kombo kidogo tu, upande mmoja shaba iko wazi na upande wa pili umekwisha kupata mdomo kabla hujapiga mpira wa kwanza. Muuzaji atasema ni zilezile. Si zilezile.

Kuifunga si uchawi. Kwangua gundi yote ya zamani, msasa juu ya shaba mpaka iwe bapa, kwaruza na tako la ncha, tone moja la gundi kali, bana, subiri. Kunyoa ndiko kunakotaka utulivu: isimamishe fimbo ncha ikiwa chini juu ya ubao, wembe mpya, ukate kutoka kwenye shaba kushuka, vipande vyembamba, ukizungusha fimbo na si mkono. Kisha lowesha ubavu kwa ncha ya ulimi, ndiyo, ulimi, na usugue kwa kipande cha mkanda wa ngozi haraka haraka mpaka kiwe cha moto vidoleni. Ubavu utang'aa kama kiatu cha afande. Ukingo uliofungwa hivyo unachelewa kutanuka. Baada ya michezo kama 20 pitisha ukucha kutoka kwenye shaba kwenda juu. Ukikwama, uyoga umeanza, nyoa tena.

Kilichobaki ni hasira yangu. Ncha ya ngozi ilianzishwa na Mfaransa, François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19. Muda si mrefu baadaye, inasimuliwa kwamba huko Bath, Uingereza, Jack Carr, aliyekuwa akihudumia meza, alianza kuwauzia wachezaji vikopo vya unga wa ajabu unaofanya mpira uzunguke. Ulikuwa chaki ya kawaida. Karne mbili zimepita na jamaa bado wako kaunta. Kisanduku kimechapwa jina kubwa la nje, herufi moja imepinda, ndani ncha zinanuka rangi. Ukivuka upande wa Kenya kisanduku ni kilekile kwa bei nyingine, na muuzaji anaapa kile cha Uganda ndicho feki. Mimi sidai bei ya chini. Nadai kama ni ya 3,000 niambiwe ni ya 3,000.

Jumamosi nilirudi kwenye lile duka na ule uyoga wangu kwenye karatasi. Muuzaji aliutazama, akaupindua, akasema labda napiga kwa nguvu sana kwa mwanamke. Kisha akavuta kisanduku kilekile chini ya kaunta, akachagua nyingine. "Hii nakupa kwa 14,000, mama, kwa sababu wewe ni mteja."

Nikaiangusha kwenye kioo chake. Ikalia pu.