Ndoo, kontena au mfuko? Ununue nini cha kuwekea lego za watoto, kwa sisi wa Mwanza

Kilichonifanya nianze kuhangaika na hili suala ni mguu wa mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Magu, usiku umeme ukakatika, akatoka chumbani kwenda kunywa maji hana hata tochi, mi nikasikia tu "yeuwi!" halafu kimya. Kakanyaga tofali la lego, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, lile la vinundu vinane. Asubuhi naenda kumwamkia, kaitikia marahaba yake vizuri tu, halafu ananiambia "mwanangu, Mwanza yote hii mawe, mkaona hayatoshi mkaleta mengine ndani?"

Nina mapacha wa miaka saba na lego zetu zimetoka kila kona, nyingine wifi yangu anakuja nazo akirudi likizo, nyingine nimeziokota kwenye mafungu ya midoli ya mitumba pale Mlango Mmoja, feki na orijino zimechanganywa humo humo. Orijino utaijua, kila kinundu kimeandikwa LEGO kwa herufi ndogo, igeuze geuze kwenye mwanga utaziona. Na za zamani usiziogope, tofali la mwaka 1958 bado linashikana na la leo, kwa hiyo la mitumba likiwa halijapasuka we chukua tu.

Sasa vyombo. Nimenunua karibu kila aina na pesa nyingine imeenda bure, kwa sababu nilikuwa naangalia chombo kinabeba ngapi badala ya kuangalia kina urefu gani kwenda chini. Mtoto anataka kipande kimoja, kipande kiko chini kabisa, unadhani atafanya nini? Atamwaga vyote sakafuni, atachukua hicho kimoja, ataondoka. Chombo kirefu kinamfundisha kumwaga. Siku hizi nikifika dukani natumbukiza mkono, vidole vikigusa chini na ukingo umeishia kwenye kifundo cha mkono au chini yake, nanunua, ukipanda zaidi ya hapo narudisha.

Namba moja kwangu ni makontena bapa ya plastiki yanayoonyesha ndani, yenye mfuniko wa kubana. Yale yale ambayo wengine wanawekea nyama kwenye friji. Ukizunguka maduka ya vyombo mjini, mitaa ya Makoroboi na kuendelea, unayapata ya saizi zote, ila nunua yote ya saizi moja na ya muundo mmoja hata kama utanunua mawili mawili kila mwisho wa mwezi, maana ukichanganya hayapangiki, juu kwa juu yanaanguka. Kabla hujalipa fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa pale pale dukani, muuzaji akinuna mwache anune. Masikio ya kufungia yakiwa membamba na meupe meupe pale yanapokunjika, hayamalizi mwezi kwa mikono ya mtoto. Mfuniko kwetu sio urembo. Sisi tunakaa karibu na ziwa, kuna vipindi wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kama moshi, wanafuata taa, asubuhi unawakuta wamejaa kwenye kila kitu kilichoachwa wazi. Siku moja niliacha beseni la lego wazi chini ya taa ya sebuleni, asubuhi kila tofali ndani ya matundu yake lina wadudu wamekufa wamegandamana, nilikaa na mswaki wa zamani natoa mmoja mmoja mpaka mgongo ukauma. Toka siku hiyo chombo hakina mfuniko mi sikitaki.

Namba mbili, na hii hainunuliwi dukani, ni mfuko wa duara. Unachukua kitambaa kigumu, mi nilitumia jinsi na upande wa chini nikaweka kipande cha turubai, unampelekea fundi cherehani anakata duara kubwa kama mkeka wa watu wawili, pembeni anashona njia ya kamba inazunguka yote. Watoto wanacheza juu yake, wakimaliza unavuta kamba, linakuwa furushi, unalitundika msumarini. Usafi wa jioni wa dakika ishirini umekuwa wa sekunde kumi. Fundi wangu alinishangaa, "dada hii ni sketi ya nani?", nikamwambia we shona tu. Mwambie ashone kamba ya manila na sio lastiki, lastiki inalegea. Kasoro yake ni kwamba humo vyote vinachanganyika, kwa hiyo unafaa kwa matofali ya kawaida, sio vidude vidogo. Ila matofali ya kawaida kuchanganyika hakuna shida. Sita tu ya vinundu vinane ya rangi moja yanaungana kwa namna 915,103,765, mtoto akizamisha mkono akitoka na lolote lina kazi.

Vidude vidogo ndo vinahitaji namba tatu, boksi la vidroo kama analokuwa nalo fundi simu au fundi redio la kuwekea skrubu na spea. Matairi, vichwa vya watu, bawaba, vioo vya madirisha, vile vya kinundu kimoja, kila kimoja na droo yake. Bei yake imechangamka ukilinganisha na ukubwa wake, ndo maana nimeliweka la tatu, na ukiwa na lego chache hulihitaji kabisa, trei ya mayai inatosha, ina mashimo thelathini na muuza duka anakupa bure. Mi nilikaa na trei za mayai mwaka mzima, zilikuja kunishinda pale zilipoanza kulowana, maana ni za karatasi. Ukinunua boksi la vidroo hakikisha kila droo ina kizuizi kwa nyuma, la sivyo mtoto ataivuta droo yote itoke na utaokota matairi mpaka chini ya friji. Na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, boksi hili likae juu ya kabati, hivi vidude anavimeza.

Namba nne ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko. Wengi ndo wanaanzia hapa na siwalaumu, ni imara, ni rahisi, ipo kila mtaa. Ila ni ile ile shida ya kina, halafu ikijaa mtoto hawezi kuinyanyua anaiburuza. Mi natumia moja tu kama stoo, lego ambazo wamezichoka naziweka humo miezi miwili mitatu, zikirudi wanazipokea kama mpya. Kama unanunua iliyotumika, tafadhali inuse. Nilinunua moja maeneo ya Mwaloni, nzuri, nzito, elfu nne tu, yule kaka ananiapia ilikuwa ya rangi. Rangi gani, ile ilikuwa ya dagaa! Niliisugua na sabuni, limao, majivu, nikaianika siku tatu, nikasema imeisha, nikajaza lego. Wiki ya pili paka wa jirani akawa anashinda mlangoni kwetu.

Za mwisho kabisa ni maboksi ya karatasi na viroba vya salfeti. Boksi mchwa na mende, kiroba huoni ndani na kikichanika chini ndo mama mkwe anaumia tena. Usinunue, basi.

Kuhusu kupanga, watu wengi wakishanunua vyombo wanakimbilia kutenganisha kwa rangi, na kweli kwenye picha panapendeza. Halafu mtoto anatafuta kabawaba kekundu kwenye kontena zima la vyekundu, macho yanamtoka hakioni, kila kitu chekundu. Tenganisha kwa umbo, ukiwa na kontena la bawaba tupu, hiyo nyekundu inajitokeza yenyewe. Kazi ya kwanza ya kutenganisha nilichekecha, nilimwomba fundi ujenzi kipande cha ule wavu wa kuchekechea mchanga, nikamimina juu, vidogo vikapita, vikubwa vikabaki. Saa nzima ya kuinama ikaisha kwa dakika tano, watoto wakataka turudie.

Kontena usiliweke dirishani kwenye jua wala kibarazani, hata kama linaonyesha ndani na linavutia wageni, jua letu linazifanya nyeupe ziwe za njano. Ukiosha, maji yasizidi nyuzi 40, yaani ya vuguvugu ya kumuogeshea mtoto, na sabuni ya kawaida. Mi naziweka kwenye mfuko wa neti natikisa ndani ya beseni, nazianika kivulini juu ya kanga, na sizifungii kwenye kontena mpaka matundu yakauke kabisa, nikifunga na maji zinanuka uvundo.

Vile vitabu vya maelekezo usivinunulie chombo. Tovuti ya LEGO inavyo vingi, unaandika namba ya seti iliyopo kwenye boksi, unapakua bure kwenye simu. Vyangu viwili mchwa walishavila kabla sijajua hilo, na nilikuwa nimevinunulia faili zuri tu.