Kikundi cha waliofiwa, Kisumu: nendeni

Hukutana Jumamosi asubuhi, na kimenisaidia kuliko pole zote nilizopewa tangu tumzike baba. Mshauri, mama wa makamo, hana haraka. Ukisema "niko sawa tu", anakuuliza kama umechoka, umekasirika au unaogopa. Ana sababu: mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kuipa hisia jina hutuliza amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu.

Nimempenda zaidi kwa kuwa hadharau mila. Tulizungumzia tero buru, desturi ya mazishi ya Waluo, wanaume wanavyofukuza kifo kwa ng'ombe, mikuki na nyimbo, huzuni ikitoka kwa mwili mzima. Kazi ya kikundi huanza mahema yakishakunjwa na wageni wakishaenda. Siku moja alinitazama mkono: "Ndugu yangu, hiyo ngumi ni ya nani?" Sikujua nimeikunja. Ilikuwa ya kaka yangu, kwa sababu ya shamba. Nililia mbele ya watu, na hakuna aliyeniambia nijikaze.

Kasoro ni chumba: kiko karibu mno na stendi, honi za matatu hukatiza mtu akianza tu kufunguka. Wahame. Ada ni nafuu, unalipa kwa M-Pesa.