Kibodi ya kununua kama unashinda kwenye Vim: tazama Esc kwanza

Mwezi uliopita nilinunua kibodi ndogo ya bluetooth Kariakoo. Nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Usiku ule ule nikaingia kwenye seva ya mteja kurekebisha faili moja la Nginx, programu ya kuendesha tovuti, kwa Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi. Nikabonyeza kona ya juu kushoto, pale inapokaa Esc, nitoke kwenye modi ya kuandika nirudi kwenye amri, mara kivinjari kikafunguka. Pale pa Esc wameweka kitufe chenye picha ya nyumba! Esc yenyewe ipo, ila mpaka ushike Fn.

Kwa hiyo habari za taa na mlio wa vitufe sitazigusa. Hizo muuzaji atakuambia hata usipomuuliza.

Bill Joy alipoiandika vi, mama yake Vim, mwaka 1976 alikuwa anatumia terminali ya ADM-3A. Kwenye kibodi ile Esc ilikuwa pale ilipo Tab leo, na mishale imechorwa juu ya H, J, K na L. Kidole kidogo kilifika bila mkono kuhama. Sisi tumerithi amri zake, kitufe kikahamishiwa ghorofani.

Najua utasema: andika inoremap jk <Esc> kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim, jk ifanye kazi ya Esc, yaishe. Ninayo, miaka sasa. Lakini vimrc yangu haipo kwenye seva za watu. Huko nakuta vi tupu, vidole vimeshazoea, naacha jkjkjk katikati ya faili la mteja. Mazoea yako yanatakiwa yakae kwenye kibodi.

Ndiyo maana ya kwanza kwangu ni Keychron V1, na mapenzi yangu sifichi. Esc imekaa peke yake kwenye kona, huikosi hata gizani. Ila mimi siigusi. Caps Lock nimeigeuza kwa VIA, programu ya kupanga upya vitufe: nikiidonoa ni Esc, nikiishikilia ni Ctrl. Mpangilio unabaki ndani ya kibodi, kwa hiyo naichomeka kwenye mashine ya ofisi na hakuna cha kusakinisha. Nzito, kweli, na ni ya waya. Nimemsamehe.

Ya pili, laptopu ya ThinkPad ya mtumba. T400s ya 2009, kisha T410 na T420, zina Esc ndefu mara mbili ya kawaida. Kuanzia T430 wakairudisha ndogo. Kona ya chini kushoto utakuta Fn badala ya Ctrl, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, uvibadilishane. Halafu angalia Shift ya kushoto. Ikiwa fupi, na kati yake na Z kuna alama ya \, hiyo imetoka Uingereza: @ na " zimebadilishana nafasi, na ukizoea mpangilio wa Kimarekani utakosea kila ukifungua nukuu. Mie ilinichukua wiki tatu kuacha kutukana.

HHKB (Happy Hacking Keyboard) ya Japani inashika nafasi ya tatu kwa sababu ya bei tu, zaidi ya dola 200 kabla ya usafiri na ushuru. Control iko kushoto kwa A, Esc jirani na 1, na Ctrl pamoja na [ inakupa Esc kwenye vi yoyote ile. Mishale haina. Atakayeiazima ndiye atakayelia.

Mfuko mwembamba? Logitech K120. Esc ipo mahali pake.

Sasa wauzaji. Bei ya kibodi ni siri ya taifa, "njoo DM". Ukienda DM unaulizwa uko wapi, kana kwamba bei inategemea mtaa. Kibodi ya mpira wa kawaida inawekewa taa saba, jina linakuwa "mekaniko", bei inapanda. Kabla ya kununua ile ya bluetooth nilimuuliza kijana Esc iko wapi. Akanitumia video ya taa zikicheza. Nikamwambia, "Mdogo wangu", nipigie picha ya kona ya juu kushoto tu.

Akanitumia picha ya boksi.