Kulea simbilisi wa kuokolewa kwa muda, Arusha: nyota nne, ya tano nimeibania

Kwanza tuelewane, hawa watu hawauzi simbilisi (guinea pig, vile vinyama vidogo vya jamii ya panya visivyo na mkia). Ni kikundi kidogo tu hapa Arusha, kinapokea wale ambao wenyewe wamewachoka au wanahama mji na hawana pa kuwaacha, afu kinatafuta nyumba za kuwalea mpaka apatikane mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Wewe hulipi kitu. Banda wanakuletea, daktari na dawa ni juu yao, wewe unatoa nafasi, majani na muda wako. Mimi niliwekewa majike wawili huku Moshono na nasema ukweli huduma ni nzuri kuliko nilivyotegemea, ila kuna mahali wanakupamba maneno.

Wanapokupamba ni pale kwenye "ni wadogo hawa dada, hawana kazi". Aisee. Simbilisi anakula kutwa na anajisaidia kutwa, yani ukisafisha asubuhi jioni unakuta kama hujagusa. Na meno yao hayaachi kuota maisha yao yote, kwaiyo lazima nyasi kavu iwepo bandani mchana na usiku wayasage, na tumbo lao bila nyasi haliendi, sio umtupie karoti mbili afu ukalale. Hiyo nyasi walinipa kifuko cha kuanzia tu, baada ya hapo ni wewe na mfuko wako. Nikaishia kununua robota kwa wafuga ng'ombe wa Ngaramtoni, robota moja kwa simbilisi wawili linakaa sana, tatizo ni pa kuliweka maana mvua za masika likipata unyevu likaota ukungu ni la kutupa. Maranda ya kutandika bandani fundi seremala wa mtaani alinipa bure mpaka alipoona narudi kila wiki, ndo akakumbuka kuwa nayo ni biashara. Hapo niwasifie, dada wa kikundi alinikataza mapema maranda ya mbao zilizotiwa dawa, zile za kupaulia, nichukue ya mbao kavu zisizo na vumbi jingi.

Banda lenyewe safi kabisa. Sio lile la sungura la waya chini, hawa nyayo zao ni laini, wakisimama kwenye waya zinatoka vidonda. Walileta la sakafu ya ubao lililotandikwa turubai, urefu karibu mita na nusu, na vijumba viwili vya boksi vya kujificha, kila mmoja na chake ili wasigombane. Wawili kwa sababu hawa ni viumbe wa kundi, akikaa peke yake ananyong'onyea, hadi Uswisi sheria inakataza kumfuga mmoja. Kikundi hakitoi mmoja hata ulie.

Sasa malalamiko yangu makubwa, chakula cha punje. Walinipa cha sungura. Simbilisi mwili wake hautengenezi vitamini C, sawasawa na sisi, asipoipata kwenye chakula anashikwa na kiseyeye, viungo vinamuuma, anachechemea, fizi zinatoka damu. Sungura yeye anajitengenezea mwenyewe kwaiyo chakula chake huwa hawahangaiki kuiweka. Nilipouliza nikajibiwa "utaongezea hoho". Sawa, hoho ina vitamini C ya kutosha na Kilombero sokoni haikosekani, nilikuwa nawakatia vipande kila siku pamoja na majani ya mahindi na sukuma kidogo, lakini jambo kama hilo linaandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, halisubiri mlezi aulize. Asiyejua kuuliza je? Na majani ya parachichi pia hawakuyataja, wakati huku kila uwanja una mparachichi na majani yake ni sumu kwao.

La pili ni mimba. Mmoja alikuja na tumbo, nikadhani ni unene wa kula. Simbilisi anabeba karibu siku 60 hadi 70, kwaiyo kule alikotoka alikuwa anakaa na dume na hakuna aliyejisumbua kumkagua. Asubuhi moja nakuta vitoto vitatu bandani, na hawazaliwi vipofu kama panya hawa, wanatoka na manyoya, macho wazi, meno yapo, siku ileile kinazunguka na kutafuna jani. Wanangu walikataa kwenda shule. Vizuri sana kuangalia, lakini mwenzangu, dume la simbilisi likifika wiki tatu hivi lazima litengwe na mama na dada zake, la sivyo unaanza upya na ukoo mzima. Nilipiga simu, wakaja na bajaji wakati muafaka wakawakagua wote, dume likaondoka. Hapo walifanya kazi. Ila wangemkagua mama kabla ya kumleta wote tungejipanga.

Kinachonifanya nitoe nyota nne ni daktari. Mji huu ukiwa na ng'ombe, mbwa au kuku una pa kukimbilia, ukiwa na simbilisi watu wanakuangalia tu. Yule mwingine alipata upele akawa anajikuna mpaka anapiga kelele, nikapita duka moja la dawa za mifugo, muuzaji anataka kunipa amoksilini, eti inatibu kila kitu. Nikampigia daktari wa kikundi, akaniambia usithubutu, dawa za jamii ya penisilini zinaua bakteria wazuri wa tumboni mwa simbilisi na mwenyewe anaweza kufa. Alikuja mwenyewe akamchoma sindano ya upele, akarudia baadae, kwisha. Pia wanakulazimisha kuwapima uzito kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni na kutuma picha WhatsApp. Mwanzoni niliona usumbufu, afu nikaelewa, huyu ni mnyama wa kuwindwa, anaficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho, uzito ndo unamchongea. Na asipokula nusu siku tu hiyo ni dharura, unapiga simu hata saa nane usiku, na wanapokea, nimejaribu.

Baridi ya Juni huku kwetu sio mchezo, nilihamishia banda sebuleni na kuongeza nyasi. Shoga yangu wa Moshi yeye shida yake kinyume, Februari joto linamtesa, anawawekea chupa za maji ya barafu zilizofungwa kitambaa, maana joto linawaua haraka kuliko baridi.

Jirani yangu Mbena, mtu wa Njombe, kila akipita "mama, hawa tunachinja lini?" Kwao hao ni kitoweo, wanakaa jikoni. Nikamwambia hawa wana mkataba. Kweli kuna mkataba, umesaini kwamba huli, huuzi, huzalishi.

Kitu kingine, "muda" wao unavutika. Niliambiwa wiki chache, zikawa miezi, familia ya kwanza ikaghairi, mpaka walipopata watu wa Usa River ambao walikuja kukagua na watoto wao kabisa. Kama una safari usiamini tarehe wanayokutajia, waambie mapema wakutafutie mlezi wa akiba, wanaye ila hawakwambii mpaka ubanwe.

Mwenye mbwa wa kuwinda au paka mkorofi asiombe. Wengine wote, kabla hujasaini uliza mambo mawili: jike amekaguliwa mimba, na punje zao zina vitamini C? Wakijikanyaga, nunua hoho kabisa.