Kliniki iliyouliza habari za usingizi kabla ya sauti

Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi minne nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu kwenye kliniki ya afya ya akili ya wagonjwa wa nje jijini Dar es Salaam. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia ambazo ndugu yao ana baipola, ugonjwa wa akili ambao hisia hupanda au kushuka kupita kiasi, na hupatwa pia na saikosisi, yaani husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huona maruweruwe, au hushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuitikisa.

Tulifika pale na kadi ya hospitali nyingine iliyoandikwa skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili unaoleta saikosisi. Huko aliulizwa kama anasikia sauti, akajibu ndiyo, tukaondoka na haloperidoli, dawa ya saikosisi, bila maelezo yoyote. Siku ya pili shingo ilimpinda upande mmoja, na mama akamwita mwalimu aje kumsomea, kumbe ni athari ya dawa ambayo hutulizwa kwa dawa nyingine, benzeksoli.

Daktari wa kliniki hii alianza na usingizi. Alimwomba mama asimulie wiki tatu zilizotangulia sauti, naye mama akaeleza kwamba mtoto alilala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku na kuamka bila uchovu, aliongea pasipo kituo, alimaliza mtaji wa duka kwa siku nne, na hatimaye akatangaza kwamba ameteuliwa kuiongoza bandari. Mwaka uliotangulia, akiwa katika sonona, yaani huzuni nzito ya ugonjwa, sauti ilimwambia kwamba ameuangamiza ukoo mzima. Katikati ya vipindi hivyo viwili alikuwa kazini, mzima, hasikii chochote. Hapo ndipo daktari alipotueleza kwamba zaidi ya nusu ya wenye baipola ya aina ya kwanza, ile ambayo hisia hupanda kwa ukali, hupata saikosisi walau mara moja maishani, na kwamba kwao dalili hizo huja na kuondoka pamoja na kupanda au kushuka kwa hisia, ilhali katika skizofrenia sauti zaweza kuendelea hata hisia zikiwa zimetulia. Mama alilia kwa faraja, nami sikuweza kumtazama.

Kinachonifanya niipende zaidi kliniki hii ni muuguzi anayesimamia wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza kupanda na kushuka kwa hisia. Huhakikisha damu inachukuliwa baada ya kupita saa 12 tangu dozi ya mwisho, na hutaja kiwango chenyewe cha lithiamu katika damu, ambacho kwa mdogo wangu kinatakiwa kuwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, badala ya kusema tu kwamba majibu ni mazuri. Alituonya kuhusu diklofenaki, ambayo sisi tulikuwa tukiinunua dukani kwa kila maumivu ya mgongo, kwa sababu huweza kupandisha lithiamu mwilini hadi kuwa sumu. Akatuonya pia kuhusu kuharisha na kutapika, kwa kuwa mwili ukikauka maji hatari ni ileile. Ramadhani ilipokaribia alituita mapema tuzungumze na daktari kabla mdogo wangu hajaamua kufunga, na alifanya hivyo kwa heshima, bila kuidharau ibada.

Zipo kasoro ambazo ni lazima zirekebishwe. Chumba cha daktari kinatenganishwa na benchi la wanaosubiri kwa pazia tu, na si haki mtu asimulie alivyoamriwa na sauti ajiue huku majirani zake wakisikiliza. Kipimo cha lithiamu hupelekwa maabara ya nje na majibu huchukua siku tano, muda ambao ni mrefu mno kwa mgonjwa aliyeanza kutetemeka mikono. Akitapika au akichanganyikiwa msisubiri majibu, mpelekeni hospitali mara moja. Olanzapini, dawa nyingine ya saikosisi, nayo hukosekana mara kwa mara kwenye dirisha la dawa.

Hata hivyo ninaipendekeza. Mgonjwa akikubali, aende na mtu anayelala naye nyumba moja, kwa maana maswali mengi ya siku ya kwanza yatamhusu huyo aliyekuwa macho usiku akimsikia akitembea.